Paneli nne na friza mbili za pweza: sola yangu ya Kilwa Masoko baada ya miezi ishirini

Mimi nanunua pweza. Nina banda la bati hapa Kilwa Masoko lenye mzani, friza mbili kubwa za kufungulia juu, friji moja ya vioo ya kuuzia soda na maji, taa sita na feni mbili. Wanawake wanaotembea mwambani na vijiti wananiletea mzigo, vijana wazamiaji nao wananiletea, na mimi naugandisha mpaka gari la Dar es Salaam lifike. Umeme ukikatika saa mbili, nafunika friza kwa mablanketi na kusubiri. Ukikatika saa kumi na nane, nimeshapoteza mtaji.

Nimefunga sola mara mbili. Ya kwanza ilikuwa hasara, ya pili ndiyo hii niliyonayo tangu Novemba 2023. Naandika kuhusu zote mbili, kwa sababu kila wiki kuna mtu anasimama barabarani, anatazama bati langu, halafu anaingia kuuliza: "Dada, hii kweli inabeba friza?" Inabeba. Lakini jibu refu ndilo lenye faida, na dukani sikupewa.

Ile ya kwanza niliinunua Februari 2023 kwenye duka moja la Dar es Salaam. Muuzaji aliniuliza friza zangu ni za wati ngapi. Nikamwambia kila moja imeandikwa 150. Akajumlisha pale pale: mia tatu, weka na taa, basi paneli mbili za wati 300 zinakutosha na nyingine inabaki. Akaniwekea betri moja ya jeli ya volti 12 na ampea 200 kwa saa, na inveta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa plagi, ya wati elfu moja. Jumla shilingi 1,450,000 pamoja na fundi wa kufunga. Nililipa nikiwa na furaha.

Hesabu ile ilikuwa na makosa matatu, na leo nayajua yote kwa majina.

La kwanza, alihesabu wati akasahau saa. Wati ni kasi ya kula, uniti (wati-saa elfu moja) ndicho chakula chenyewe. Friza inakula usiku kucha, wakati paneli imelala. Betri ile ya volti 12 kwa ampea 200 inabeba wati-saa 2,400, yaani uniti mbili na nusu kasoro, na betri za jeli ukizimaliza kupita nusu kila siku zinakufa mapema. Kwa hiyo nilikuwa na uniti moja na kidogo ya kutumia usiku. Friza zangu mbili na friji ya vioo zilihitaji karibu tatu.

La pili, kompresa ya friza inapowaka inavuta umeme mara kadhaa ya ule ulioandikwa, kwa nukta moja tu, kisha inatulia. Inveta ile haikuweza. Isitoshe ilikuwa ya aina inayotoa umeme wa ngazi ngazi, siyo wimbi laini kama la shirika la umeme, TANESCO. Friza ikawa inanguruma na kupata moto ubavuni. Nikadhani ni uzee wake.

La tatu ndilo lililoniuma zaidi, kwa sababu ningeweza kulikamata mwenyewe kwa futi ya fundi cherehani. Paneli zenyewe hazikuwa za wati 300. Zilikuwa na urefu wa sentimita 148 na upana wa 67, yaani karibu mita moja ya mraba. Jua kali la mchana linamwaga kama wati 1,000 juu ya kila mita ya mraba, na hicho ndicho kipimo ambacho viwanda vinatumia kuandika lebo. Seli ya silikoni ya kwanza yenye manufaa, iliyooneshwa na maabara ya Bell kule Marekani mwaka 1954, iligeuza asilimia 6 hivi ya mwanga ule kuwa umeme. Leo paneli nzuri za dukani zinafika asilimia 20 mpaka 23. Basi paneli ya mita moja ya mraba, hata iwe bora namna gani, itatoa wati 200 na ushei. Aliyeniuzia 300 aliniuzia lebo. Nendeni dukani na futi: zidisha urefu kwa upana kwa mita, zidisha kwa 220, na namba ya lebo ikizidi hapo kwa mbali, rudisha pesa mfukoni.

Betri ilianza kuchoka mwezi wa tano na mwezi wa saba ikafa. Nilipiga simu dukani kuhusu dhamana ya mwaka mmoja, nikaambiwa niliizidishia mzigo. Mzigo walioukokotoa wao.

Halafu ukaja mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023, ambao hakuna mfanyabiashara wa friji nchi hii aliyeusahau. Nikakodi jenereta. Petroli ilikuwa imepita shilingi 3,000 kwa lita na jenereta lilikuwa linakunywa lita nne kwa siku, kwa kuponea tu. Oktoba, usiku wa bamvua, siku zile bahari inapojaa na kupwa sana, likagoma. Asubuhi nilitupa kilo 38 za pweza. Wanangu walinisaidia kuwabeba kwa ndoo hadi ufukweni, na hakuna aliyesema neno njiani.

Sasa sola ya pili. Fundi wake ni kijana wa hapa hapa wilayani, amesomea umeme chuo cha ufundi cha VETA. Alikuja na daftari na kimita kidogo cha kuchomeka kati ya plagi na soketi. Nilitegemea atanitajia bei. Badala yake akaniuliza, "Mama, siku yako nzito kuliko zote ni ipi?" Nikamwambia siku za bamvua, maana ndipo mwamba unapokauka na pweza wanapopatikana kwa wingi. Akasema, "Basi naacha kimita hapa mpaka bamvua ipite." Kilikaa siku kumi.

Kimita kilionesha hivi: siku za maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, banda langu linakula uniti tano. Siku za bamvua, nikiingiza kilo 60 za pweza wenye joto la bahari kwenye friza, linakula tisa mpaka kumi. Nilikuwa sijawahi kuliwaza jambo hili miaka yote: mzigo wangu unafuata mwezi, na umeme wa sola unafuata jua, na hao wawili hawana miadi. Bamvua inakuja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, iwe kuna mawingu au hakuna. Yeyote anayekufungia sola kwa wastani wa mwezi atakuangusha siku ile ile unayomhitaji.

Alichonifungia ni hiki. Paneli nne za wati 550, kila moja urefu mita 2.28 na upana 1.13 (nilizipima, naam, na hesabu ilikubali). Inveta ya kilowati tatu ya volti 24, wimbi laini, yenye kidhibiti cha chaji ndani yake na sehemu ya kuingizia TANESCO. Betri ya lithiamu ya volti 25.6 na ampea 200, ambayo inabeba uniti tano na kidogo, na hii unaruhusiwa kuitumia hadi ibaki asilimia 20 bila kuiumiza. Bei nililipa mimi hivi: paneli 1,120,000, inveta 950,000, betri 3,100,000, vyuma na waya na breka na ethi (waya wa kwenda ardhini) 520,000, ufundi 300,000, usafiri 90,000. Jumla 6,080,000. Nusu ilitoka kwenye kikoba chetu, nusu ni akiba na ng'ombe mmoja.

Nilimuuliza anieleze inavyofanya kazi, maana nilishaibiwa kwa kutokujua. Akaniambia ndani ya paneli mna vipande vya silikoni, ambayo asili yake ni mchanga, umesafishwa mpaka ukawa kitu kingine. Upande mmoja hutiwa fosforasi kidogo, ukawa na elektroni za ziada. Upande wa pili hutiwa boroni, ukawa na mapengo. Pale zinapokutana pande mbili, mimi naona pako kama mdomo wa dema, ule mtego wa samaki. Mwanga ukipiga silikoni unaibandua elektroni kutoka mahali pake, inaanza kuzurura. Ikifika pale mdomoni inasukumwa upande mmoja, na samaki akishaingia demani hatokei alikoingilia. Njia pekee ya kurudi kwake ni kuzunguka nje kwa waya, na waya ule ndio tunaoupitisha kwenye inveta na betri na friza. Hakuna kinachozunguka, hakuna mafuta, hakuna kelele. Seli moja inatoa kama nusu volti tu, kwa hiyo zinaungwa nyingi kwa mfululizo. Paneli yangu moja inatoa volti 41 hivi ikiwa kazini, na nne zikifuatana zinapita 160.

Volti 160 za DC, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu, siyo za kuchezea. Umeme huu ukiachia cheche, cheche haikatiki kirahisi kama ya umeme wa kawaida, na ndiyo sababu alidai breka maalumu za DC. Yule wa mwanzo aliweka breka za nyumbani. Nikikumbuka nashukuru tu kwamba hatukuungua.

Kitu kimoja kilinishangaza na bado nawaeleza watu hawaamini: paneli inataka mwanga, joto haiitaki. Lebo ya wati 550 imeandikwa seli ikiwa na nyuzi 25. Juu ya bati la Kilwa mwezi wa Januari, seli inafika nyuzi 60 na zaidi, na kwa paneli zangu kila nyuzi moja inayozidi inapunguza umeme kwa theluthi moja ya asilimia hivi. Ndiyo maana fundi aliziinua sentimita kumi na tano juu ya bati, upepo upite chini. Jumla ya lebo zangu ni wati 2,200. Adhuhuri ya kawaida kiangazi naona 1,750 hadi 1,850 kwenye kioo cha inveta. Kubwa kabisa niliyowahi kuiona ni 2,140, na ilikuwa Aprili, mvua imetoka kukatika, paneli zimepoa, mawingu yamepasuka saa sita. Siku za kusi, kama sasa hivi Julai, jua limelala kaskazini lakini upepo ni wa baridi, na sola inafanya kazi vizuri kuliko watu wanavyodhani.

Zimeelekezwa kaskazini, kwa kuwa sisi tuko chini ya ikweta. Zile za kwanza zilielekezwa barabarani, ambako ni kusini.

Kivuli pia nimekijua. Tenki langu la maji lilikuwa limesimama kaskazini-magharibi, na kuanzia saa tisa alasiri kivuli chake kilikuwa kinaangukia paneli ya mwisho. Unaweza kudhani ni kitu kidogo. Paneli zikiwa zimefuatana, moja ikizibwa ingezibana zote, kama si dayodi zilizomo nyuma yake, vijidude vinavyoupitisha umeme pembeni, ukapotea ule wa paneli hiyo tu. Nilikuwa naona namba inashuka kutoka 1,300 hadi chini ya 1,000 kwa mara moja, kama mtu amezima kitu. Tulihamisha tenki. Ilikuwa kazi ya siku nzima na watu sita, na ningeomba fundi aliangalie hilo kabla hajapanda juu. Hilo ni kosa lake nililomwambia usoni, akakubali.

Matumizi ya kila siku. Inveta nimeiweka itumie sola kwanza, kisha betri, na betri ikishuka hadi asilimia 20 ihamie TANESCO yenyewe. Siku za maji mafu nalala na kuamka bila kugusa LUKU, yaani umeme wa TANESCO wa kulipia kabla. Siku za bamvua betri inafika ukingoni kama saa tisa usiku, na TANESCO inashika mpaka jua lipande. Nimejifunza ujanja mmoja unaonisaidia kuliko ningenunua betri nyingine: nina chupa ishirini za lita moja na nusu, nazigandisha mchana, kuanzia saa nne, wakati paneli zina umeme wa kumwaga. Jioni nazipanga katikati ya pweza na kuizungusha swichi ya friza chini kidogo, ipunguze kula umeme. Barafu inabeba usiku mzigo ambao ungebebwa na betri. Na mchana huo umeme usingeenda popote, kwa kuwa betri ikijaa na hakuna anayevuta, inveta inazibana paneli na jua linapita bure.

Usafishaji ni alfajiri, maji ya mvua na kitambaa laini, kabla kioo hakijapata moto. Huku pwani adui ni chumvi na kunguru. Kinyesi cha kunguru kikikauka kinafanya kazi ya kivuli, hakiondoki kwa mvua. Boliti zote ni za chuma cha pua, niling'ang'ania hilo kwa sababu nimeona nanga mpya zinavyoliwa hapa kwetu. Baada ya miezi ishirini hazina hata doa. Kilichosumbua ni feni ya inveta: mwezi wa kumi na tatu ilianza kukwaruza. Fundi akaifungua, akakuta vumbi na mjusi amekauka ndani. Akaweka wavu. Tangu hapo kimya.

Mwezi Mei 2024 kilikuja kimbunga Hidaya. Tarehe 4 upepo ulipiga usiku na mchana, umeme ukakatika, barabara ya Dar es Salaam ikakatwa na maji Somanga. Mimi nilikuwa nimejaza friza moja na nusu. Nililala macho nikisikiliza bati, nikisubiri kusikia paneli zinaruka, kwa sababu paneli moja ina kilo 28 na ikiruka inaua. Hazikusogea. Kulipokucha kulikuwa na wingu zito na paneli zikitoa wati 200, 250, siku nzima. Nilizima friji ya vioo, feni na taa zote ila moja, nikaziacha friza tu, na nikawa naziwasha kwa zamu. Siku ya tatu betri ilikuwa asilimia 24 wingu lilipofunguka. Pweza walikuwa mawe. Gari lilipopata njia, wote waliondoka kwa bei kamili.

Sasa pesa. Kabla ya sola LUKU yangu ilikuwa kama 65,000 kwa mwezi, kwa bei ya shilingi 356 kwa uniti, kodi zikiwemo. Sasa nanunua 12,000 mpaka 15,000, na masika inapanda kidogo. Nimeokoa kama 50,000 kwa mwezi. Gawanyeni 6,080,000 kwa hiyo mtaona ni miaka kumi. Anayewaambia sola itajilipa kwa LUKU ndani ya miaka miwili, kwa friza kama zangu, muulizeni hesabu yake. Kwangu inalipwa na kilo ambazo sizitupi na petroli ambayo siinunui. Kama wewe unaishi nyumbani na taa na televisheni, uko kwenye ule mpango wa TANESCO wa watumiaji wadogo, wa uniti za shilingi 100 kabla ya kodi, na umeme wako haukatiki mara kwa mara, sikushauri kabisa ununue mfumo mkubwa hivi. Nunua taa za dharura.

Wapo wanaoniambia mgao umekwisha, Bwawa la Nyerere limewashwa, megawati 2,115, sola ya nini tena. Nafurahi nalo kwa dhati, na gesi ya Songosongo, kisiwa cha wilaya yetu, inaendesha mitambo ya Dar es Salaam tangu 2004; najua nchi ina umeme. Lakini umeme kuwepo Rufiji na umeme kufika kwenye plagi yangu ni mambo mawili. Nguzo moja ikilala kati ya Somanga na hapa, mimi ndiye mwenye friza.

Dhamana: paneli zina miaka 25 kwenye karatasi, kwamba zitakuwa bado zinatoa zaidi ya asilimia 80. Betri wameandika miaka mitano. Karatasi zote nimezitia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na risiti na namba za nyuma ya kila paneli, kwa sababu mara ya kwanza niliulizwa namba na sikuwa nazo.

Alama zangu, mkizitaka: paneli tano kwa tano, betri tano, inveta nne kwa ajili ya lile feni lililo wazi kwa kila mdudu wa pwani, fundi nne na nusu, nusu imebaki kwenye tenki.

Bamvua inaanza keshokutwa. Chupa zangu ishirini zimeshaingia, na saa hizi kioo kinasoma 1,690.